Shoka la Mzee Boila

Kuna watu wakistaafu hufuga kuku. Wengine hujiunga na kwaya, wengine hukaa kibarazani wakikagua nani kapita na nani. Bi Kutu alistaafu akaingia kwenye mashoka, akazama mazima. Wala si mashoka mapya ya dukani. Alichokitaka yeye ni lile lililooza mpini, lililoliwa na kutu, lililogeuzwa kizuizi cha mlango wa banda. Akiliona limetupwa hawezi kupita. Atasimama, atalizunguka, ataliinua kwa vidole viwili, na hapo mumewe ataanza kutafuta pa kujificha.

"Hili la nani?" ndivyo alivyouliza siku zote.

"Chukua tu mama, la nani tena? Kutu hiyo."

Basi mtaa ukambandika jina, likaganda. Mwanzoni lilimuudhi. Baadaye akalizoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina la kwenye vyeti alidhani umemletea barua ya serikali.

Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa, kilijaa hadi mlangoni. Mashoka ishirini na matatu yalining'inia ukutani, kila moja na kikaratasi chake: limepatikana wapi, lini, kwa nani. Kulikuwa na la mchinjaji lenye shingo fupi, la mpasua mbao lenye uso mpana, na moja la kizamani kabisa lisilo na tundu, lile ambalo chuma chake kina mkia unaochomekwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Chini yake kulikuwa na meza yenye jiliwa la kubania chuma, tupa tatu, mawe ya kunolea kuanzia la kukwaruza hadi la kulainisha, na ndoo ya siki ya kulowekea kutu. Harufu ya siki hiyo ndiyo iliyomhamisha paka.

Mumewe alikuwa kinyozi, kibanda chake kiko pale kona. Wateja wakimuuliza habari za nyumbani, jibu lake lilikuwa moja. "Mke wangu ana mashoka ishirini na matatu. Mimi nina wembe. Sasa nyie mnadhani nani anaosha vyombo?" Kibanda kizima kinaangua kicheko, naye anaendelea kunyoa, hana hili wala lile.

Lakini usimdharau mwanamke huyo. Miaka ishirini na tisa alifanya kazi hospitalini, kwenye chumba cha mwisho cha korido, kule vinakooshwa na kuchemshwa vifaa vya upasuaji. Mkasi ukipita mikononi mwake ukiwa na doa dogo kama punje ya chumvi, unarudi kwenye maji. Vikishang'aa, anavifunga kwenye kitambaa cha kijani, anapiga utepe juu, anaandika tarehe na kuweka sahihi. Na pakiti hiyo haifunguliwi na mtu yeyote hadi ifike mbele ya daktari atakayeitumia. Iliyofunguliwa njiani ni takataka, hata kama aliyeifungua ni mganga mkuu. Muuguzi mmoja aliwahi kuchungulia tu ndani ya pakiti, akanuniwa mwezi mzima.

Tabia hizo alistaafu nazo. Shoka kwake lilisuguliwa hadi likang'aa. Mpini mbovu aliukata kwa msumeno chini kidogo ya chuma, kisha kile kipande kilichobaki ndani ya tundu akakigonga taratibu hadi kikachomoka kwa juu. Kuna wavivu huchoma shoka zima motoni ili mpini uungue utoke. Hao Bi Kutu alikuwa hawasalimii, maana chuma kikipikwa hovyo kinalegea na makali hayakai tena. Na kile kipande kilichotoka tunduni hakukitupa. Alikifunga kwenye kitambaa cha kijani, utepe, tarehe, sahihi, kikaingia kwenye sanduku la bati chini ya meza.

"Sasa unazika mipini," mumewe alimwambia.

"Humo ndani ndimo fundi wa kwanza alimoacha siri zake. Kabari ya kukazia mpini kaikataje, kaongezea nini pembeni. Siku nikipata nafasi nitavipasua kimoja kimoja nivisome."

Nafasi haikupatikana, kwa sababu kila wiki lilikuja shoka jingine.

Lile alilolipenda kupita yote lilitundikwa peke yake, mkabala na mlango. Lilikuwa la kwanza kabisa, lile lililomwingiza kwenye ugonjwa huo. Alilipata mwezi wake wa mwisho kazini, hospitali ilipobomoa boila la zamani la kuni, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, lililokuwa limezimwa siku nyingi. Vibarua walilivuta kutoka kwenye upenyo kati ya boila na ukuta, limezikwa na majivu, mpini umepasuka kwa joto, wakalirusha kwenye lundo la vyuma chakavu. Aliliomba, akapewa. Kwa kuwa lilikuwa la kwanza, alilishughulikia kama bibi harusi. Aliondoa kila kovu, kila kidonda, hadi mumewe siku moja akanyoa ndevu akijitazama ndani yake.

Jumatano moja bomba la jikoni likagoma kufunga. Akaitwa fundi bomba, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mkoba wa vifaa uliopangwa vizuri. Hilo Bi Kutu alilipenda mara moja. Koki kuu ya maji ilikuwa chumba cha nyuma, nyuma ya mlango. Fundi akaingia kuifunga. Zikapita dakika mbili, tatu, maji bado yanamwagika.

"Fundi, koki imekushinda?"

Alipomfuata alimkuta amesimama mbele ya lile shoka la mkabala na mlango, anasoma kikaratasi.

"Mama," alisema bila kugeuka, "hapa pameandikwa boila. Boila la wapi?"

"La hospitali. Lilikuwa limeangukia nyuma, kwenye ukuta. Kwani vipi?"

Kijana akaivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika spana. "Aliyekuwa akipasua kuni pale ni baba yangu," alisema. "Na mimi ndiye mwizi wa hilo shoka."

Bi Kutu alikwenda kuifunga koki mwenyewe, maana jikoni palikuwa panageuka bwawa, kisha akarudi kusikiliza.

Miaka kumi na miwili nyuma, wiki ambayo boila lilizimwa ili hospitali ihamie kwenye umeme, kijana alimpelekea baba yake chakula kazini. Alipotoka alikuwa na gunia la vipande vya mabomba alivyookota, vya kufanyia mazoezi ya ufundi. Kesho yake shoka halikuonekana. Baba akauliza, watu wakasema tumemwona mwanao akitoka na gunia zito. Baba akajumlisha mwenyewe. Mtoto ameuza shoka kwa wanunuzi wa vyuma.

"Niliapa, nikalia. Hakusikia," kijana alisema. "Toka siku hiyo hali kitu nilichonunua mimi. Nikiingia mlango wa mbele, anatoka wa nyuma. Anaishi kwa dada yangu. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, babu yake hajawahi kumgusa. Nikifikiria mzee yule akienda bila kujua ukweli, mama, naishiwa nguvu."

"Haendi popote bila ukweli," Bi Kutu alisema, na tayari alikuwa amelishusha shoka ukutani. "Leo hii hii tunampelekea. Na jambo limekwisha."

Alisema hivyo kwa kifua kabisa, maskini.

Mzee Boila, kama walivyomwita hospitali nzima, walimkuta uani kwa binti yake, amekaa kwenye kigoda karibu na gogo la kupasulia kuni. Mzee wa miaka sabini na tisa, mabega bado mapana, uso umefungwa. Alipomwona kijana wake alianza kuinuka aondoke. Binti yake, mwanamke mnene wa sauti ya chini, akamwekea mkono begani.

"Baba, kuna mgeni. Msikilize mgeni tu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sema."

Bi Kutu akaeleza, akalifunua shoka, likameremeta juani. Mzee akalipokea. Akalipima uzito, akapitisha kiganja kwenye uso wa chuma, kisha dole gumba likaenda moja kwa moja kwenye kisogo cha shoka, sehemu butu ya nyuma, likatafuta, likarudi, likatafuta tena.

"Langu lina alama tatu hapa," alisema. "Nilizichonga mwenyewe kwa tupa, wasinibadilishie. Ziko wapi?"

Bi Kutu aliinama kukitazama kisogo. Alizikumbuka. Mikato mitatu midogo, sambamba. Alidhani ni majeraha ya nyundo, akakaa nayo asubuhi nzima hadi kisogo kikawa laini kama sahani. Siku ile alijipongeza kwa chai ya maziwa.

"Nilizisugua mzee. Nilidhani ni kasoro."

"Ulizisugua." Mzee alicheka, lakini si kicheko cha kufurahisha mtu. "Langu lilikuwa jeusi. Hiki ni kioo cha kunyolea. Na mpini gani huu? Mguu wa meza?" Akamgeukia kijana wake, maneno ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili, na heri asingeyasema. "Kwanza uliniibia. Sasa umenunua shoka dukani ukamkodi mama wa watu aje kuniongopea. Ondokeni na shoka lenu."

Njiani kijana alibeba shoka kwapani. Hakumlaumu. "Umejitahidi mama," alisema, na upole wake ndio ulimuumiza Bi Kutu zaidi. Afadhali angemtukana.

Kinyozi aliporudi kula mchana alimkuta mkewe amekaa kwenye ile ndoo, mtandio bado kichwani, viatu bado miguuni.

"Amekufa nani?"

"Mimi," alisema Bi Kutu, akamweleza yote. "Ushahidi ulikuwa pale, umechongwa kwenye chuma. Nimeufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka yote najisifu usafi, leo usafi wangu umempaka kijana wa watu matope mara ya pili."

Kinyozi akakuna kidevu. Mtu huyu kwa utani hakuwa na mpinzani, lakini mkewe akilia huwa anachanganyikiwa, anasema lolote linalomjia. "Lakini mke wangu, mimi nikimnyoa mtu upara, nywele si zinakwenda? Kichwa si kinabaki chake vile vile? Mambo ya kichwani kwake wembe haujayagusa."

Bi Kutu alimtazama. Akamtazama sana, hadi mume akadhani amekosea.

"Ndani," alisema. "Ndani sijagusa."

Akapiga magoti, akalivuta sanduku la bati. Pakiti ya kwanza kabisa ilikuwa chini ya zote. Kitambaa cha kijani kimefifia, utepe haujabanduka hata ncha, na juu yake mwandiko wake mwenyewe: *Boila, upenyo wa ukuta*, tarehe ya miaka miwili iliyopita, sahihi. Ndani yake kulikuwa na kile kipande cha mpini kilichokaa tunduni mwa shoka, pamoja na chochote ambacho Mzee Boila alikigongea humo ili chuma kisichomoke.

Kinyozi alishaleta patasi. "Tupasue tuone."

Alichapwa kofi la mkononi.

"Pakiti haifunguliwi njiani! Nikiipasua hapa, kesho atasema tumeijaza sisi. Itafunguliwa mbele ya mwenyewe."

"Na ukikuta humo kabari ya mti tu, kama ya kila mtu?"

Hilo Bi Kutu alilifikiria pia. Kama ndani kulikuwa na kabari ya kawaida, kijana alikuwa amekwisha, na safari hii kwa mkono wake yeye. Aliichukua pakiti, akairudisha, akaichukua tena. Haikufunguliwa.

Kijana alipopigiwa simu alikataa kabisa. "Mama, tuache. Nitazoea."

"Jana nilikwenda kama mwenye shoka," alimjibu. "Leo naenda kama mtu wa chumba cha mwisho. Tukutane mlangoni kwa dada yako saa nne." Akakata simu, akavaa viatu vyake vyeupe vya kazi, vile alivyoapa hatavivaa tena, na akaweka pakiti kwenye beseni safi kana kwamba inakwenda chumba cha upasuaji. Shoka alilibeba mumewe, aliyefunga kibanda siku ya kazi. Wateja walisimulia jambo hilo wiki nzima.

"Mmerudi na jingine?" Mzee Boila aliuliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Lile lile, mzee. Lakini kwanza nina neno." Bi Kutu hakukaa. "Miaka kumi na tisa vifaa vyangu vilichemshwa na mvuke wako. Asubuhi bomba la ukutani likianza kugonga, nilikuwa najua umefika. Siku moja tu halikugonga, tukaambiwa umefiwa na mke."

Mzee akainua uso, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kuanzia viatu vyeupe hadi mtandio.

"Wewe ndiye wa chumba cha mwisho?"

"Ndimi."

"Mlikuwa mnapoteza mvuke sana. Valvu mnaacha wazi."

"Tulikuwa tunaacha, mzee," alikubali, ingawa haikuwa kweli hata kidogo na ilimuuma kulisema.

Akaweka beseni juu ya gogo. Akamwita binti asome maandishi kwa sauti. Binti akasoma mahali, akasoma tarehe, akasoma sahihi.

"Miaka miwili," Bi Kutu alisema. "Mimi na kijana wako tumefahamiana jana Jumatano, bomba lilipoharibika. Humu kuna kipande cha mpini nilichokitoa ndani ya tundu la shoka hili. Sijakipasua. Sijui kina nini. Kijana wako hajui. Mtu mmoja tu duniani anajua alichokitia humo, kama shoka ni lake. Sema kwanza, mzee, halafu tufungue."

Mzee alitazama pakiti. Halafu akatazama ukuta, na ikaonekana wazi kwamba hataki kusema.

"Kabari ya mti," alisema mwishowe.

Kijana akainamisha kichwa. Kila shoka lina kabari ya mti.

"Na nini kingine?" Bi Kutu aliuliza kwa sauti ile ile aliyowaulizia madaktari kama mikasi yote imerudi.

"Ngozi."

"Ya nini?"

"Ya kiatu."

"Kiatu cha nani, mzee?"

"Kiatu ni kiatu!" alifoka. Kisha mabega yakashuka. "Cha mtoto. Cha kushoto. Ni kipande cha pale pa kufungia kamba, kina matundu mawili yenye vipete vya shaba. Haya. Fungua hiyo pakiti yako."

Bi Kutu alibandua utepe. Kipande kilikuwa cheusi, kirefu kama kidole. Alilitia beseni kwapani, akakisimamisha kipande juu ya gogo, akalichukua shoka kwa mumewe, akampa mzee mwenyewe. Mzee akaweka makali juu ya kipande, katikati kabisa, bila kupapasa, akaokota gongo la kuni, akapiga mara moja. Kikafunguka pande mbili, safi, kama ganda la karanga. Makali yale yalikuwa kazi ya Bi Kutu, na hata katika hali ile hakukosa kuliona hilo.

Kabari ikaangukia huku. Kule, imebanwa na kukauka kama gamba la mti, ilikuwapo ngozi. Binti akaiinua kwa kucha. Matundu mawili. Vipete viwili vya shaba, vimeota ukijani.

"Ni lenyewe!" kinyozi alipiga kelele, akamkumbatia mkewe mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya ndoa. Bi Kutu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, beseni limemwanguka miguuni.

Kijana hakusogea. "Kiatu cha nani, baba?"

"Chako, cha nani tena?" Mzee aliongea akitazama ile ngozi kiganjani. "Ulikuwa ndiyo unaanza kutembea. Tulikununulia pea nzuri, ya ngozi, tulijinyima. Siku ya kwanza tu kukuvalisha, ukakitupa cha kulia dirishani mwa basi. Mama yako alilia safari nzima. Kikabaki hicho kimoja, sasa nifanyeje nacho, nikivae mimi? Mama yako akakataa kisitupwe. Shoka lilikuwa linacheza, nikakikata nikakitia humo, likatulia. Halikucheza tena." "Miaka kumi na miwili nilikuwa nalala nikisema, mtoto ameuza shoka, na kiatu chake kimo ndani. Ningekuwa nimepoteza chuma tu, ningenunua kingine."

"Nimekukosea," mzee alisema. "Nimekukosea sana, mwanangu. Hukuiba."

Kijana alipiga magoti pale pale kwenye vumbi la kuni, akaweka paji la uso kwenye goti la baba yake. Mzee hakujua la kufanya na mkono wake. Uliruka hewani kidogo, kisha ukatua kichwani mwa mwanawe, ukabaki hapo.

Baada ya muda akauliza, sauti bado nzito, "Huyo wako ameanza kutembea?"

"Ameanza baba. Anakimbia."

"Mlete Jumamosi. Aje na viatu vyote viwili."

Bi Kutu alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara. Aliwasalimia watu aliokuwa amenuniana nao. Kila aliyeuliza beseni ni la nini alisimuliwa tangu mwanzo, na mwenye kibanda cha simu alisimuliwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alionekana hajashangaa vya kutosha. "Sahihi yangu!" alikuwa akisema. "Tarehe yangu! Walinicheka na vitambaa vyangu, sasa wako wapi?" Mumewe alimfuata nyuma akitikisa kichwa kukubali kila neno, na jioni ile aliosha vyombo bila kutania.

Jumamosi wakakutana tena uani. Ule mpini wa mguu wa meza ulikuwa umeng'olewa, na kijana alikuwa amechonga mpini mwembamba huku baba yake akimfokea kila hatua, kwa raha kubwa. Ngozi ilirudishwa tunduni, mahali pake pale pale. Bi Kutu akaonyesha wanavyofanya: shoka likining'inia kichwa chini, unagonga kitako cha mpini, na chuma chenyewe kinapanda juu kidogo kidogo hadi kinabana. Mzee akasema hilo alilijua kabla Bi Kutu hajazaliwa. Kisha akachukua tupa, akakaa kwenye kigoda, akachonga alama tatu kisogoni mwa shoka linalong'aa, kwa mkono usiotetemeka, na Bi Kutu, aliyeipoteza asubuhi nzima kuzifuta, alisimama pembeni akihesabu moja, mbili, tatu, moyo umemjaa pomoni.

Msumari wa mkabala na mlango ulibaki mtupu nyumbani kwake. Alitundika hapo kile kitambaa cha kijani, na kila shoka jipya likiingia, siku hizi hulikagua kwa dole gumba kwanza kabla ya kushika tupa.

Mtoto aliletwa na mama yake wakati kazi imekwisha. Alishushwa chini uani, akapepesuka, akaenda moja kwa moja kwa mzee kwa sababu ya kile kitu kilichokuwa kinameremeta. Mzee Boila aliliweka shoka mbali, nyuma ya kigoda. Akainama taratibu, akaushika mguu wa kulia, na akakaza kamba ya kiatu kwa mafundo mawili.